Siku Niliposema Sikumbuki

Mwanangu, jana nilikusikia ukiongea na wenzako pale nje. Mlikuwa mnazungumza juu ya habari za mauaji zilizotoka Djugu, na wewe ukasema, "Wale watu wote ni namna moja." Sikutoka kukukemea. Mtu kama mimi akisikia neno hilo, kwanza hujiuliza kama ana mdomo wa kulikemea. Nimelala nalo. Leo keti hapa. Nina siku moja ambayo ningependa kuisahau, na kila nikijaribu kuisahau inarudi na jua lake na vumbi lake. Majuto ni mjukuu, na mjukuu huyu nimembeba mgongoni tangu ujana wangu.

Ilikuwa wakati wa vita, mji huu wetu wa Bunia ulipokuwa ukichukuliwa na kundi hili, kisha na kundi lile. Kabila letu unalijua. La yule mtu nitakayekutajia sitakuambia. Nikilitaja utaacha kusikiliza habari yake, utaanza kusikiliza habari ya kabila, na huo ndio ugonjwa ninaotaka kukutibu.

Nilikuwa mwalimu kijana, nafundisha somo la uraia katika shule moja ya sekondari. Mama yako alikuwa na mimba ya kaka yako mkubwa. Katika shule ile nilikuwa na rafiki aliyefundisha hesabu, Faustin. Tulikuwa tunagawana chaki, na mshahara ulipokosekana, ndiyo kusema karibu kila mwezi, tulikuwa tunagawana hata mihogo. Nilipoezeka nyumba yangu, ni Faustin aliyepanda juu, mimi nikiwa chini nampa misumari. Hakuwa wa kabila letu. Kabla ya vita sikuwahi kulifikiria jambo hilo zaidi ya nilivyofikiria urefu wake.

Mtu wa pili wa kumjua ni Papa Anselme. Huyu alikuwa mzee wa mtaa wetu, wa kabila letu, lakini jina lake lilikuwa limevuka mtaa na kabila. Nchi ilipopata uhuru, yeye akiwa bado kijana, alitumwa mji mkuu pamoja na wale walioketi kuandika sheria ya kwanza ya nchi. Wengine katika ule ukumbi waligombea mipaka, wengine vyeo. Yeye alishikilia jambo moja tu, wakamcheka, akashikilia, mpaka likaandikwa: kwamba mtu asiadhibiwe kwa kosa asilolifanya yeye mwenyewe, na asihesabiwe mkosaji mpaka kosa lionyeshwe.

Kila mwaka nilimkaribisha darasani kwangu. Alikuja na koti lake lile lile, akawaeleza wanafunzi kwa nini alishikilia. Zamani za wakoloni, jirani yao mmoja alitoroka kazi ya migodi ya dhahabu. Askari walipokuja wasimpate, walimlaza chini baba yake Anselme, wakampiga fimbo mbele ya watoto wake. Kosa lake nini? Aliishi karibu na aliyetoroka. "Siku ile nilijua," alikuwa akisema, "kama mutu hana jina lake mbele ya sheria, iko sawa kuni. Wanaokota yoyote, wanatia mu moto."

Wanafunzi walipiga makofi. Mimi nilipiga kuliko wote. Maneno yake niliyaandika ubaoni kwa mwandiko mzuri, nikawafanya watoto wayakariri. Kasuku naye hukariri, mwanangu.

Vita vilipoingia mjini, shule ilifungwa. Vijana wa mtaa wetu walifunga kamba kati ya mapipa mawili pale njia panda, wakaiita bariyeri, wakakaa nayo na mapanga, na wachache na bunduki. Mkubwa wao alikuwa Zakayo, kijana niliyemfundisha mimi. Alikuwa na akili, na alipenda kuuliza maswali. Faustin naye hakukimbia mapema. Mtoto wake alikuwa mgonjwa, basi akajificha na familia yake katika ua wa parokia. Nilijua kwamba yuko pale. Sikwenda kumsalimu. Nilijiambia kwamba nikienda nitawaonyesha wabaya njia. Ndivyo woga unavyofanya: haukosi vazi la hekima.

Siku chache kabla ya kamba ile kufungwa, mwana wa Papa Anselme, Dieudonné, alikuwa ameuawa. Alikuwa mfanyabiashara mdogo, akitoka Irumu na maharage kwenye baiskeli. Wapiganaji wa upande wa pili walimkuta njiani. Alikuwa mwana pekee aliyembakia mzee. Tulimlilia, na hata kwenye matanga nilisikia vijana wakisema, "Hii damu italipwa."

Sasa njoo kwenye siku yenyewe. Ilikuwa karibu na saa sita za mchana. Nilitoka kutafuta chumvi, nikafika kwenye ile kamba, nikamwona Faustin amepigishwa magoti vumbini. Shati lilikuwa limechanika begani. Pembeni yake kulikuwa na bido la manjano, yaani dumu la maji, tupu. Alikuwa ametoka kutafuta maji, maana kisima cha parokia kilikuwa kimechafuka na mtoto alikuwa anahara.

Alinyanyua macho akaniona. Mwanangu, uso wake ulifunguka. Nimeona watu wengi wakifurahi tangu siku ile, harusini na penginepo, lakini sijaona uso ukifunguka kama ule. Alidhani amepona.

Zakayo alinigeukia kwa heshima, kama mwanafunzi. "Mwalimu, weye unamujua huyu mutu? Anasema anafundishaka na weye. Iko nani?"

Swali rahisi. Jibu lake lilikuwa jina. Nilitazama panga, nikatazama wale vijana, nikamfikiria mama yako na tumbo lake. Nikasema, "Iko wa kule."

Maneno matatu. Sikusema uongo hata kidogo, na ndiyo maana yananichoma zaidi. Faustin aliniangalia kidogo, kisha akatazama chini.

"Tulijua," mmoja wa vijana akasema. "Samaki moja ikioza, yote imeoza." Wakaanza kumwinua wampeleke kule mabondeni, ambako watu walikuwa wakipelekwa na hawarudi.

Hapo ndipo Papa Anselme alitokea. Sijui nani alimwita, labda hakuitwa. Alikuja na fimbo yake, bado amevaa kitambaa cheusi cha msiba mkononi. Zakayo akasema, "Muzee, pita tu. Hii haiko kazi yako. Siye tuko tunalipiza Dieudonné."

"Nani aliwatuma?"

"Damu yake njo ilitutuma."

"Miye baba yake," mzee akasema, "damu ya mutoto yangu haijaniambia kitu. Weye ilikuambia lini?"

Mzee akapita chini ya kamba, akainama kwa shida, akaketi vumbini karibu na Faustin. Mtu aliyeketi na wakubwa wa nchi, akaketi vumbini na suruali yake safi. Akasema, "Kama munataka kumuhukumu, tumuhukumu vizuri. Nani anamushitaki? Asimame."

Hakuna aliyesimama. Mzee akaendelea:

"Amefanya nini?"

"Ndugu zake waliua Dieudonné," mmoja akasema.

"Sikuuliza ndugu zake. Huyu. Weye, jina lako ni nani?"

Faustin alitaja jina lake lote, la baba yake na la ubatizo. Sauti ilikatika katikati, akaanza tena.

"Siku mutoto yangu alikufa, ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa ku masomo, papa. Ilikuwa siku ya mwisho, mbele shule ifungwe. Tulikuwa tunasahihisha mitihani."

"Iko mutu alikuona?"

Faustin alinigeukia. Na mzee naye akanigeukia, na Zakayo, na wote. Ni kweli, mwanangu. Tulikuwa meza moja tangu asubuhi mpaka jioni. Nakumbuka tulicheka juu ya mwanafunzi mmoja aliyechora kuku pahali pa jibu.

"Mwalimu," Papa Anselme akasema, taratibu, kama anayemwonyesha mtoto mahali pa kukanyaga ili avuke mto. "Siku ile ulikuwa na huyu?"

Mungu alikuwa amenirudishia mlango niliokwisha kuufunga. Si wengi wanaorudishiwa. Nami nikatazama viatu vyangu, nikasema, "Sikumbuki vizuri, papa."

Nilisikia mmoja wa vijana akicheka. Sijui kama alinicheka mimi. Nilitamani ardhi inipokee.

Nilidhani mambo yamekwisha. Kisha Papa Anselme akasema, na sauti yake haikupanda hata kidogo: "Basi. Shahidi wa kumutetea amesahau. Sasa mulete shahidi wa kumushitaki." Akawatazama mmoja mmoja. "Hayuko? Hata moja? Basi huyu mutu iko huru. Si kazi yake kuonyesha kama hana kosa. Ni kazi yenu kuonyesha kama iko nalo. Hata kama rafiki yake amemutupa, hata kama hakuna mutu mu Bunia muzima anamupenda, iko huru."

"Na samaki, muzee?" yule wa kwanza akauliza.

"Watu haiko samaki. Miye nilizika mutu moja, si kapu ya samaki. Waliomuua wako na majina. Siku mutanionyesha hao, na watu waliowaona, nitasimama mbele ya juji miye mwenyewe. Lakini mukiua huyu kwa jina ya Dieudonné, mutakuwa mumeniulia mutoto mara ya pili, juu mutakuwa mumemufanya muuaji, naye amelala mu kaburi hawezi kujitetea."

Zakayo akasema, "Ukimuchukua, muzee, usituhesabu tena watoto yako."

"Nitawahesabu," mzee akasema. "Nisaidieni kusimama."

Na unajua, mwanangu, walimsaidia. Wale wale wenye mapanga walimshika makwapa wakamwinua. Akamshika Faustin mkono, kama watu wanavyoshikana wakienda sokoni, akaniambia mimi, "Njoo umushike mukono wa pili, tumufikishe kule karibu ya uwanja wa ndege." Maana ndiko wakimbizi walikokuwa wakilindwa.

Nilisema kwamba mama yako ananingoja. Wakaenda wawili. Familia ya Faustin ilichukuliwa baadaye na mapadri, nao walifika salama. Mimi nilirudi nyumbani bila chumvi. Mama yako aliniuliza kuna nini. Nikamwambia, mwenye nguvu mpishe.

Kesho yake vijana waliving'oa vibati vya paa la nyumba ya Papa Anselme wakavibeba, wakachukua na mbuzi zake. Watu waliacha kumsalimu. Mzee aliyekuwa akipigiwa makofi, wanawake walimgeuzia mgongo kisimani, wakamwita muuzaji wa damu ya mwanawe. Nami sikwenda kwake. Kila siku nilisema kesho. Mvua ilipoanza kunyesha sana ndipo aibu ilipozidi woga, nikaenda na turubai nililoazima.

Nilimkuta amekaa pembeni pa nyumba, pale ambapo ukuta ulimkinga kidogo na mvua. Tulifunga lile turubai pamoja. Tulipomaliza akanikaribisha kiti, yeye akaketi juu ya kinu kilichogeuzwa. Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi. Akaniwahi.

"Juu ya nini ulisema haukumbuki?"

"Niliogopa, papa."

"Nilijua uliogopa. Na miye je? Magoti yangu ilikuwa inacheza mu suruali. Haiko woga inanikasirisha, Yeremia." Ndiyo mara ya kwanza aliniita kwa jina, wala si mwalimu. "Yule mutu hakukuomba mali. Hakukuomba umupiganie. Alikuomba neno moja ya kweli, na weye ulikuwa nalo mu mudomo. Ukaimeza. Miaka yote nilikuja mu darasa yako, nilifikiri nimepanda. Kumbe nilikuwa naandika juu ya maji."

Nililia. Sioni haya kukuambia kwamba nililia. Haya ninayo kwa mengine. Alingoja nikanyamaza, kisha akasema jambo ambalo sikulitazamia.

"Unafikiri sikutaka damu? Pale njiani, moyo yangu iliniambia: nyamaza, waache wamalize, nawe utalala. Ilinisemesha kwa nguvu. Njo maana tuliandika ile sheria siku tulikuwa na akili ya baridi. Tulijua siku akili itachemuka, tutahitaji kitu cha kushika. Siku ile nilishika hiyo. Sikuwa na kitu kingine, Yeremia. Hata upendo sikuwa nao."

Akaniagiza nimtafute Faustin, nimwambie kwa mdomo wangu kwamba nakumbuka. Nikaitikia ndiyo. Ndiyo yangu ilichukua miaka. Papa Anselme alikufa kabla sijaitimiza, na kwenye mazishi yake watu walikuwa wengi sana, hata waliomgeuzia mgongo. Nilisimama nyuma.

Baada ya mazishi ndipo nilipanda lori mpaka Mambasa, ambako nilisikia Faustin anafundisha. Nilimkuta nyuma ya nyumba anapasua kuni. Nywele zilikuwa zimeingia mvi. Aliweka shoka chini, akanipa maji ya kunawa, mke wake akaleta sombe ya majani ya mihogo, na ndizi. Tulikula. Mke wake hakuketi nasi, na alikuwa na haki. Nilipomaliza nikasema, "Faustin, siku ile nilikuwa na weye. Tangu asubuhi mpaka jioni. Nakumbuka yote. Nilikumbuka hata pale."

"Nilijua kama unakumbuka," akasema. "Ile ya pili ilinichoma kidogo. Ile ya kwanza njo haijapona. Nilikuwa nangoja useme Faustin. Hivyo tu. Ulisema wa kule. Ule wakati nilijisikia kama nimekwisha kufa, panga ilikuwa imebakia tu kumaliza kazi."

Nikamwomba msamaha. Akasema, "Siku zingine nimekusamehe, siku zingine hapana. Sitakudanganya. Lakini umekuja." Akanisindikiza mpaka penye malori. Lori lilipokuwa linawashwa akanipa mkono, nao ulikuwa mkono wa mtu anayempa mgeni. Ndugu hawapeani mkono namna ile. Nikaupokea. Ndio niliostahili.

Sasa nisikilize vizuri, mwanangu, maana sikukuita ili unihurumie.

Ukisikia watu wakisema haki ni mambo ya vitabu, ya wakubwa wa Kinshasa, kumbuka kwamba mtu mmoja alinusurika katika njia panda hii yetu siku ambayo rafiki yake alimtupa. Hakuokolewa na urafiki, maana urafiki ulikuwa mimi. Hakuokolewa na huruma, maana aliyekuwa na amri ya kuhurumia alikuwa amezika mwana. Aliokolewa kwa kuwa mzee mmoja aliamini kila mtu ana mlango wake mbele ya sheria, na hata mzee huyo mwenyewe hana ruhusa ya kuuvunja. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, ni kweli. Lakini rafiki akikosekana, mtu naye afe?

Na haki hiyo si ya wema peke yao. Zakayo alikamatwa baada ya vita. Wengi walitaka achomwe kwa tairi sokoni. Alipelekwa mahakamani, akapewa wakili, akahukumiwa kwa yale aliyoyafanya yeye, na ndugu zake wakaachwa. Watu wa mtaa walinung'unika. Mimi nilikwenda nikasema niliyoyaona pale kwenye kamba, pamoja na yale niliyoyafanya mimi. Yeye alinitazama muda wote. Sauti yangu ilitetemeka mpaka juji akaniomba nirudie. Nikarudia.

Kwa hiyo, usiseme tena "wale watu". Ukimwona mtu, tafuta jina lake. Ukisikia anashitakiwa, uliza amefanya nini, na nani alimwona. Ukiwa wewe ndiwe uliyemwona, sema, hata kama sauti itakatika. Usingoje woga uishe kwanza, hautaisha. Ulimi hauna mfupa, lakini nimeona ukivunja mgongo wa mtu, na mgongo mwingine uliovunjika ni wangu. Na kama siku moja utashindwa kama nilivyoshindwa mimi, usikawie kurudi. Kila mwaka unaokawia, mtu yule anaendelea kupiga magoti vumbini.

Nenda sasa. Mungu wa baba zetu akupe moyo mzito kuhukumu na mdomo mwepesi kushuhudia. Akuepushe na siku kama ile yangu. Na ikiwa lazima ije, ikukute umesimama. Watoto wako waitwe kwa majina yao popote watakapokwenda, Bunia, Mambasa, hata mahali ambapo hawatajulikana na mtu. Amina.